Gorogoro Iliyobonyezwa: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Dallas, Texas
Januari 2026

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu,
Mheshimiwa Jenerali, Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu,
Pentagon.

Waheshimiwa,

MINT: KUBADILISHWA MARA KWA MARA KWA MTIHANI WA UTIMAMU WA MWILI

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni sajini katika Jeshi la Akiba, tabibu wa kikosi, mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nilikula kiapo mwaka 2013 kupitia mpango wa MAVNI, ule uliochukua wageni waliokuwa na lugha mlizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha yenu. Ndiyo maana sioni haya kuwaandikia kwa Kiswahili. Mlinichukua kwa ajili yake, na mkalimani hamumkosi.

Naandika hadharani baada ya kuandika faraghani mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka Septemba 2022, ya pili Agosti 2023, ya tatu Julai mwaka jana, zote kwa utaratibu, ngazi kwa ngazi, bila kumruka mtu. Ofisi niliyoiandikia sitaitaja. Ile ya kwanza sikujibiwa. Ya pili niliambiwa maoni yangu yamepokelewa. Ya tatu ilijibiwa na mtu aliyenitumia jedwali la alama, kana kwamba nilikuwa nimelipoteza.

Kabla sijaanza kulalamika niwaeleze kitu kimoja cha kwetu. Shangazi yangu aliuza mahindi na maharage soko la Kongowea. Kipimo cha soko ni gorogoro, kopo la bati la kilo mbili. Mchuuzi mjanja hukibonyeza kitako chake kwa ndani, akakijaza mahindi mpaka yakafanya kilima juu, nawe ukaondoka umefurahi. Nyumbani ndipo unagundua ugali hautoshi watu. Shangazi alikuwa na gorogoro moja kwa miaka kumi na sita, ina kutu ukingoni, kitako kimenyooka. Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya jirani zake, na bado watu walipanga foleni kwake. Walijua wanachopata.

Sisemi kwamba mnatuibia. Nasema kopo lenu limebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba hata nyinyi wapimaji sina hakika kama mnajua kilo ni nini. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtihani unabadilika upesi kuliko mwili unavyoweza kuufuata.

Tangu 1980 askari alipimwa kwa vitu vitatu: pushapu kwa dakika mbili, kulala chali na kuinuka kwa dakika mbili, kisha mbio za maili mbili. Alama 100 kwa kila kimoja, 300 kwa jumla, na chini ya 60 popote pale umeanguka. Mtihani huo ulikuwa na kasoro, na mimi ni wa kwanza kusema. Haukuonyesha kama unaweza kumtoa mtu ndani ya gari linaloungua. Lakini kila mtu aliujua, tangu kuruta mpaka kanali.

Julai 2018 mkatangaza mpya, wenye vipengele sita: kunyanyua chuma kutoka chini, kutupa mpira wa ratili 10 kinyumenyume juu ya kichwa, pushapu za kuachia mikono, mbio za kuburuta na kubeba, kuning'inia kwenye bomba na kupandisha magoti mpaka yaguse viwiko, halafu maili mbili. Mlituambia kipimo ni kimoja kwa wote, mwanamume na mwanamke, mwenye miaka 19 na mwenye 49. Kitakachotofautisha ni kazi ya mtu tu. Oktoba 2020 ukawa mtihani rasmi, ila alama zake hazikutumika kwa lolote. Baraza la Congress likawazuia mpaka ufanyike uchunguzi huru. Machi 2022 mkatoka na jedwali jingine: umri umerudi, jinsia imerudi, kuning'inia kumefutwa na mahali pake pamewekwa planki, yaani kujikaza juu ya viwiko. Aprili 2025 mkabadilisha hata jina, mkaondoa kutupa mpira, vikabaki vitano kuanzia Juni 1, na safari hii kazi 21 za mapigano zikapewa kiwango chake, kisichotazama jinsia.

Hapo kwenye kuning'inia naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiuma.

Mara ya kwanza kulijaribu lile bomba ilikuwa 2019. Ilitakiwa mara moja tu ili ufaulu. Moja. Nilining'inia kama popo, miguu ikagoma kupanda, nikateremka. Pushapu zangu na mbio zangu havikunisaidia kitu. Ukianguka kimoja umeanguka vyote. Basi nikaamua nitajifunza. Ninafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njiani kuna kiwanja cha watoto chenye vyuma vya kubembea. Miezi minane, nikitoka zamu, nilisimamisha gari pale nikiwa bado na sare ya kazi, nikaning'inia. Watoto wanaosubiri basi la shule walinizoea. Mmoja akawa ananihesabia. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Siku nilipopata moja nilikaa chini kwenye mbao za chini ya bembea nikacheka peke yangu. Kufikia Januari 2022 nilikuwa nafikisha tatu.

Machi mkalifuta.

Yule mzee niliyekuwa nikimwogesha wakati huo alikuwa ameziona sugu, akaniuliza ninalima nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa askari miaka ya mwisho ya sitini. Enzi zake, akasema, walitambaa, wakaning'inia kwenye ngazi ya mlalo, wakatupa guruneti, wakakimbia maili moja. Kuning'inia kulikuwepo, kukaondoka, kukarudi, kukaondoka. Kutupa vivyo hivyo. Akaniambia nitunze zile sugu, zitahitajika tena.

2. Namba zenyewe hazisimulii hadithi moja.

Chukueni maili mbili peke yake, barabara ile ile, kijana wa kiume wa miaka 17 hadi 21 anayetafuta alama 60 za kufaulu. Kwenye mtihani wa zamani alitakiwa amalize kwa dakika 15 na sekunde 54. Oktoba 2020 akapewa dakika 21. Aprili 2022 akaongezwa zikawa 22. Juni 2025 akashushwa mpaka dakika 19 na sekunde 57. Binti wa umri wake amepitia 18:54, kisha 21:00, kisha 23:22, sasa 22:55.

Ni nani aliyebadilika hapo? Maili hazikurefuka. Adui hakupunguza mwendo 2022 akaongeza 2025. Kama dakika 22 zilitosha kwa askari wa vita, basi wale mliowafukuza kwa kukimbia 16:10 mliwaonea. Kama hazikutosha, basi miaka mitatu mlipitisha watu wasiofaa. Siwezi kuchagua jibu kwa niaba yenu.

Na uzito wa mbio kwenye jumla nao umepanda na kushuka: theluthi moja, kisha sehemu moja ya sita, sasa ya tano. Hili linatugusa kwa namna ya pekee sisi tunaotoka kule. Tangu Paul Chelimo, askari wenu mzaliwa wa Kenya, alete medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Rio 2016, hakuna kikosi nilichofika wasinisukume mbele niwavute wenzangu kwa kasi. Mimi ni mtu wa Likoni. Mbio nilizozijua ni za kuiwahi feri kabla lango halijafungwa. Lakini nilijifunza kukimbia kwa sababu ndicho kilichokuwa na alama, na nikaacha kukimbia sana pale chuma kilipokuwa na alama zaidi. Askari hufanyia mazoezi kile kinachopimwa. Mkibadilisha kipimo mnabadilisha miili ya watu karibu milioni moja, nao mwili hauna kitufe cha kubonyeza.

3. Askari wa akiba anapimwa kwa vifaa ambavyo hana.

Pushapu hazihitaji kitu. Mbio zinahitaji viatu. Huu wa sasa unahitaji chuma cha pembe sita, sahani za uzito, sledi ya kuburuta na vyuma viwili vya mpini vya ratili 40 kila kimoja. Mwenzangu wa jeshi la kudumu anavikuta kambini kila asubuhi, na analipwa akivitumia. Sisi tunakutana wikendi moja kwa mwezi, na wikendi hiyo ina makaratasi, chanjo, magari na mihadhara. Jimu ya bei rahisi ninayoimudu haina hicho chuma cha pembe sita. Ile iliyo nacho inakula karibu posho yangu ya siku moja ya mafunzo kila mwezi.

Halafu kuna suala la ardhi. Mbio za kuburuta ni mita 250, mita 50 mara tano: unakimbia, unaburuta sledi yenye ratili 90 ukirudi kinyumenyume, unakwenda upande kama kaa, unabeba vile vyuma viwili, unamalizia kwa kukimbia. Novemba moja tulifanyia kwenye nyasi zilizonyeshewa usiku kucha. Sledi ilizama kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope la mpunga. Kijana mmoja mwenye kifua kipana aliteleza akakaa, akainuka, akateleza tena, na saa inakwenda. Mwezi uliofuata wenzetu wa kikosi kingine walifanyia ndani, kwenye zulia la nyasi bandia, na sledi ikawa inawafuata kama mtoto anayevutwa mkono. Jedwali la alama ni lile lile. Hakuna safu inayouliza kulikuwa na tope au zulia.

4. Orodha ya kazi za mapigano inamwacha tabibu nje.

Hapa nitasema jambo linalonidhuru mwenyewe. Kati ya zile kazi 21 wamo askari wa miguu, wa vifaru, wahandisi wa mapigano, vikosi maalumu. Wanatakiwa alama 350 kati ya 500, kwa kipimo cha wanaume, angalau 60 kila kipengele. Tabibu wa kikosi hayumo. Mimi nahesabiwa kwa kipimo cha jumla: alama 300, kwa umri wangu na jinsia yangu.

Lakini tabibu anakwenda wanakokwenda askari wa miguu. Akipigwa mtu, anayeitwa ni mimi, wanapaza sauti "Doki!" na mimi natoka mbio. Mtu mzima na fulana yake ya kinga na bunduki yake anapita ratili 200 bila taabu. Yeye hataniuliza nilipimwa kwa jedwali gani.

Kwa hiyo semeni wazi. Kama kiwango kimetokana na kazi, mtueleze tabibu anayeambatana na kikosi cha miguu ametolewa kwa hesabu gani, na niko tayari kupimwa kwa ratili zile zile, mkinipa muda wa kuzizoea. Kama hakikutokana na kazi, basi acheni kukiita cha kazi. Septemba 30 mwaka jana, pale Quantico, Virginia, mkubwa wenu, Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth, aliwaambia majenerali kwamba kila nafasi ya mapigano itarudi kwenye kiwango cha juu kabisa cha wanaume. Sisi huku chini tulishinda wiki nzima tukiulizana kama jedwali la Juni bado lipo au tumeshaanza jingine.

5. Alama hizi ni riziki ya watu.

Zinaingia kwenye pointi za kupanda cheo. Zinaamua nani atumwe chuo na nani abaki. Tangu 2023 aliyepata 540 kati ya 600, kila kipengele kisipungue 80, alisamehewa hata kupimwa mafuta ya mwili. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na kipindi, mpaka Machi 2022, ambapo alama zilizotambuliwa zilikuwa za mtihani wa zamani ambao haufanyiki tena. Zangu zilikuwa 271. Nilizipata nikiwa sina mtoto. Ziliendelea kunisemea nikiwa nimejifungua, ninanyonyesha, na siwezi kukimbia mpaka kona ya mtaa. Nilinufaika, sikatai. Mwingine aliyeumwa siku ya mtihani wake wa mwisho alibaki na alama yake mbovu muda wote huo.

Najua mtakalonijibu.

Mtasema vita havina huruma. Ni kweli, na ndiyo sababu naomba kipimo kinachofanana na vita na kinachokaa mahali pamoja. Mimi silii ugumu. Nilizipata zile tatu kwenye bomba.

Mtasema ni wanawake waliolalamika mpaka viwango vikashushwa. Hapa naomba tuwe wakweli wote. Takwimu zenu wenyewe zilizotoka 2021 zilionyesha wanawake 44 kati ya kila 100 wakianguka, wanaume wakiwa 7. Mtu yeyote angeshtuka. Lakini Kapteni Kristen Griest, mwanamke wa kwanza kuwa afisa wa askari wa miguu na mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuhitimu shule ngumu ya kivita ya Ranger mwaka 2015, aliandika waziwazi mapema 2021 akipinga kuwekwa vipimo tofauti, kwa hofu kwamba vitawaharibia jina wanawake walio mstari wa mbele. Wengine wetu, mimi nikiwemo, tuliona tabibu au karani hana sababu ya kuning'inia. Hatukuwa na sauti moja. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kalamu ya kuandika jedwali.

Mtasema mnafuata sayansi. Taasisi ya RAND mliyoipa kazi ya kuchunguza ilitoa ripoti 2022 na kusema baadhi ya vipengele havikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba vinatabiri utendaji wa vitani au vinapunguza majeraha. Sayansi hiyo ilipaswa kutangulia tangazo la 2018. Ilikuja miaka minne baadaye, mikono yangu imeshaota sugu.

Na mtasema muda wa kujiandaa ulitolewa. Kwa askari wa kudumu wa kazi za mapigano adhabu imeanza Januari 1 mwaka huu. Kwa wa akiba ni Juni 1. Miezi mitano ya ziada nashukuru. Ukihesabu kwa siku tunazokuwa kazini ni wikendi tano.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mtihani wa sasa, hata kama una kasoro, ukae miaka mitano bila kuguswa vipengele wala jedwali. Kasoro tutazizoea, kilichotushinda kuzoea ni nyinyi.

(b) Kabla ya badiliko lolote baada ya hapo, ushahidi wake uchapishwe mwaka mmoja mbele, kazi kwa kazi, ukionyesha kila ratili na kila sekunde vimetoka kwenye jukumu gani.

(c) Kila kituo cha akiba kiwe na seti ya vifaa inayofunguliwa siku za kawaida jioni, siyo kufungiwa ghalani mpaka siku ya mtihani. Na mbio za kuburuta zifanyiwe kwenye ardhi ya aina moja, au ardhi iandikwe kwenye kadi ya alama.

(d) Mtoe maelezo ya maandishi kuhusu matabibu.

(e) Barua za askari kuhusu jambo hili zijibiwe na mtu aliyezisoma.

Mtihani wangu ujao ni Jumamosi ya pili ya Aprili. Ninajinoa kwa jedwali la Juni 2025, na chuma cha pembe sita nakiazima kwa jirani Mnigeria mwenye jimu gereji kwake. Likibadilika kabla ya siku hiyo naomba nijulishwe kabla ya mwisho wa Februari, kwa kuwa zamu zangu za usiku hupangwa wiki sita mbele na sitaweza kuzibadilisha.

Wenu mtiifu,

Sajini, tabibu wa kikosi
Jeshi la Akiba

Nakala:
Kamati za Majeshi, Seneti na Baraza la Wawakilishi
Wazungumzaji wote wa Kiswahili walio vikosini, popote walipo